Bei ya simu na bei ya kupokea simu: somo la Nexus One

Leo tuweke msimbo kando tuzungumze historia kidogo. Kuna swali ambalo mimi huulizwa mara kwa mara kwa sababu tu watu wanajua ninaandika programu: "Mbona simu hii ni shilingi elfu sitini na ile ni elfu kumi na tano, na zote zina Android?" Jibu la haraka ambalo wengi hutoa ni kwamba unalipia jina. Kuna ukweli hapo, lakini hilo si jibu lote. Ndani ya bei ya simu mna kamera, kioo na betri, halafu mna kitu kimoja ambacho hutakiona hata ukiifungua kwa bisibisi: mshahara wa mtu atakayekujibu simu hiyo ikigoma.

Kitu hicho kina historia yake, na mfano mzuri kuliko yote ninayoifahamu ni wa kampuni tajiri, yenye wahandisi hodari, iliyojaribu kuuza simu bila kumweka mtu huyo. Kampuni yenyewe ni Google, simu ni Nexus One, na mwaka ni 2010.

Hali ilivyokuwa kabla

Inabidi tuanzie Marekani, kwa sababu soko lao lilikuwa tofauti sana na letu. Huku Kenya, tangu Safaricom na Kencell zianze kushindana mwaka 2000, wengi wetu tumekuwa tukinunua simu kwa pesa taslimu, laini kando, na kadi ya kukwaruza kando. Kule Marekani, kampuni ya laini ndiyo iliyokuwa ikiuza simu. Ulitia sahihi mkataba wa miaka miwili, ukapewa simu kwa bei ya chini, na kampuni ikajirudishia pesa zake polepole ndani ya ada ya kila mwezi. iPhone 3G ya Julai 2008 ilitangazwa kwa dola 199, na watu wengi wakaamini hiyo ndiyo bei ya simu. Haikuwa. Kampuni ya laini ilikuwa imelipa sehemu iliyobaki, nayo haikuwa imelipa kama sadaka.

Wapenda teknolojia waliupinga sana mpango huo, na walikuwa na sababu. Ulikufunga miaka miwili, na ukitaka kutoka mapema ulitozwa faini. Lakini ulikuwa na faida moja ambayo hakuna aliyeisifia kwa sababu hakuna aliyeiona. Simu ikiharibika, ulijua mlango wa kubisha. Ulienda kwenye duka la kampuni ya laini, au ulipiga namba yao, na mtu akakusikiliza. Mshahara wa mtu huyo ulikuwa umefichwa ndani ya ile ada ya kila mwezi.

Apple nayo ilikuwa na mlango wa pili. Tangu ifungue duka lake la kwanza huko Tysons Corner, Virginia, Mei 2001, iliweka ndani yake meza ya mafundi, ile inayoitwa Genius Bar. Iphone ya kwanza ilipotoka mwaka 2007, meza hizo zilikuwa tayari zimekaa miaka sita.

Google yafungua duka

Tarehe 5 Januari 2010, katika makao yake makuu huko Mountain View, California, Google ilitangaza Nexus One. Simu ilitengenezwa na HTC ya Taiwan. Kwa wakati ule ilikuwa moto: prosesa ya Snapdragon ya 1 GHz, kioo cha inchi 3.7, RAM ya MB 512, na Android 2.1. Wengi wetu tulioandika programu tuliitamani.

Lakini jambo jipya hasa lilikuwa jinsi ya kuinunua. Hakukuwa na duka la kuingia. Uliingia kwenye tovuti ya Google, ukachagua moja kati ya mawili: dola 529 simu ikiwa huru, unaweka laini yoyote, au dola 179 pamoja na mkataba wa miaka miwili wa T-Mobile ya Marekani. Walionunua kutoka Uingereza, Singapore na Hong Kong waliuziwa ile iliyo huru.

Ndoto ilikuwa kubwa. Simu ingeuzwa kama kitabu kinavyouzwa kwenye mtandao. Unachagua simu, halafu unachagua laini, na kampuni ya laini inabaki kuwa bomba tu. Mimi binafsi naona wazo hilo lilikuwa zuri, na kwetu sisi Waafrika halikuwa geni hata kidogo. Ndivyo tulivyokuwa tukinunua simu siku zote.

Tupige hesabu

Hebu tutazame namba. Kampuni ya utafiti ya iSuppli iliifungua Nexus One wiki ileile na kukadiria kwamba vipuri vyake viligharimu dola 174.15. Watu wakaruka juu: simu ya dola 174 inauzwaje 529? Lakini makadirio hayo yalihusu vipuri peke yake. Kuunganisha, kusafirisha, kuandika programu, hataza, matangazo, dhamana na huduma kwa wateja, hayo yote hayakuwemo.

Sasa tazama upande wa mkataba. Mpango wa T-Mobile uliokuja na simu ya dola 179 ulikuwa wa dola 79.99 kwa mwezi. Kwa miezi 24 hiyo ni dola 1,919.76. Ongeza 179 upate dola 2,098.76. Aliyenunua simu huru kwa 529 na kujiunga na mpango wa T-Mobile usio na mkataba, wa dola 59.99, alilipa jumla ya dola 1,968.76 kwa muda uleule. Kwa hiyo simu "ghali" ilikuwa nafuu kwa dola 130. Mwenye pesa mkononi aliokoa. Asiye nazo alilipa zaidi. Hilo tunalijua sana huku kwetu, tunakonunua sukari ya kupima.

Halafu kulikuwa na faini. Ukivunja mkataba mapema, T-Mobile ilikutoza dola 200. Google nayo, kwa upande wake, ilikutoza dola 350 kama ulijitoa ndani ya siku 120. Angalia namba hiyo ya 350 ilikotoka: 529 kutoa 179. Ilikuwa ni ile ruzuku yenyewe, ikirudi kudaiwa. Jumla dola 550 kwa kuiacha simu ambayo bei yake kamili ilikuwa 529! Mwezi huohuo wa Januari, tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliandikia kampuni za laini pamoja na Google ikitaka zieleze faini zao. Mwezi wa Februari Google ilishusha ya kwake hadi dola 150.

Nani nimpigie?

Hapa ndipo mambo yalipoharibika. Siku chache tu baada ya simu kuwafikia watu, malalamiko yalianza. La kwanza lilikuwa la mtandao: simu iliruka kutoka 3G hadi EDGE na kurudi, hata mahali ambapo simu nyingine zilishika 3G vizuri. Mteja aliyetoa dola 529 akatafuta namba ya kupiga. Namba haikuwepo. Google ilikuwa na kurasa za msaada na anwani ya barua pepe, na jibu lingeweza kuchukua siku moja au mbili.

Mteja akapiga T-Mobile. Wao wakasema simu imeuzwa na Google. Akapiga HTC. Wao wakasema suala la mtandao ni la T-Mobile. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kila mmoja alikuwa na hoja yake, na hakuna aliyedanganya. T-Mobile hawakuuza simu ile, HTC hawakuendesha mtandao, na Google hawakutengeneza chuma chake. Ila mteja alikuwa amelipa mahali pamoja tu, na alitarajia kujibiwa mahali pamoja.

Kwa nini kampuni yenye akili namna ile haikuliona jambo hili? Jibu langu linatoka kwenye kazi yangu. Google ilikuwa imelelewa na programu, na programu ina tabia moja ya ajabu: mteja wa milioni moja na moja hagharimu karibu chochote zaidi ya yule wa milioni moja. Ukiwa na Gmail, iliyoanza mwaka 2004, watumiaji hawakulipi kitu, hivyo huwezi kuajiri mtu wa kumjibu kila mmoja. Unaandika ukurasa mzuri wa maswali na majibu, na watu husaidiana wenyewe. Kwa huduma ya bure hilo linakubalika. Anayepewa kitu bure huvumilia.

Simu si hivyo. Kila simu ni kitu cha kushikika. Inaanguka, inaingia maji, betri inachoka. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kumsikiliza mteja mmoja kwa dakika ishirini kunagharimu kampuni dola 10, ukihesabu mshahara, kiti, kompyuta na laini. Kama faida yako kwa kila simu ni dola 8, mteja akipiga mara moja tu umeshapata hasara. Sheria hii haiwahurumii wahandisi hodari. Programu hukua bila kuongeza watu. Huduma kwa wateja hukua kwa kuongeza watu.

Tuwe waadilifu: kuna upande ambao Google ilijua kuutibu. Mwanzoni mwa Februari 2010 ilitoa sasisho la programu lililokuwa na marekebisho ya ile 3G. Huo ndio uzuri wa programu, sindano moja inachoma simu zote kwa wakati mmoja. Andy Rubin, aliyekuwa akiongoza Android, alikuwa ameshakiri hadharani mwezi wa Januari kwamba lazima waboreshe jinsi wanavyowajibu wateja, wasisubiri siku tatu bali saa chache. Na mwezi huohuo wa Februari namba ya simu ikapatikana, wiki kama tano baada ya mauzo kuanza. Hata hivyo matatizo ya ukarabati yaliendelea kupelekwa HTC na ya laini yakapelekwa T-Mobile.

Duka lafungwa

Kampuni ya takwimu ya Flurry ilikadiria kwamba Nexus One 20,000 ziliuzwa wiki ya kwanza, na 135,000 katika siku 74. Kwa idadi hiyohiyo ya siku, iPhone ya kwanza ilikuwa imefika milioni moja, na Droid ya Motorola ilikuwa imepita hapo kidogo. Tarehe 14 Mei 2010 Rubin alitangaza kwamba duka la mtandaoni litafungwa. Alieleza kwamba wateja wengi wanataka kuishika simu kabla ya kuinunua, na wanataka mipango mingi ya kuchagua. Kufikia katikati ya Julai shehena ya mwisho ilikuwa imeingia, na duka likaisha. Simu iliyofuata, Nexus S ya Desemba 2010, iliuzwa ndani ya maduka ya kawaida: Best Buy kule Marekani na Carphone Warehouse kule Uingereza.

Sisemi huduma mbovu peke yake ndiyo iliyoliua duka. Matangazo yalikuwa machache, na mwezi wa Aprili Verizon ilikuwa imeshaachana na Nexus One. Lakini hata ile hoja ya kuishika simu dukani, ukiitazama vizuri, ni hoja ya huduma. Mtu anayekuonyesha simu dukani ndiye huyohuyo utakayemrudia ikikataa kuwaka.

Google ilirudi tena. Novemba 2012 iliuza Nexus 4, iliyotengenezwa na LG, kwa dola 299, na ikaisha upesi mno. Kisha Oktoba 2016 ikaja Pixel. Bei ilianzia dola 649, na moja ya mambo waliyojivunia ni msaada wa saa 24, siku 7, kwa kupiga simu au kuandikiana, ukiufikia ndani ya mipangilio ya simu yenyewe. Iweke hiyo kando ya Nexus 4. Siwezi kusema ile tofauti ya dola 350 yote ilikwenda kwa watu wa kupokea simu. Kamera na mengine yalikuwemo. Ninachosema ni kwamba, miaka sita baada ya kuuza simu isiyo na namba ya kupiga, kampuni ileile ilikuwa ikiuza msaada kama sehemu ya simu, na bei ikabeba mzigo huo.

Wengine walienda njia ya kinyume. Xiaomi ya China, iliyoanza na simu ya yuan 1,999 mwaka 2011, iliuza kupitia mtandao kwa faida nyembamba, na mwaka 2018 mwanzilishi wake Lei Jun aliahidi kwamba faida halisi ya vifaa vyake haitapita asilimia 5. Kwa simu ya dola 150 hiyo ni dola 7.50. Rudi kwenye mfano wangu wa dola 10 uone jinsi uzi ulivyo mwembamba.

Na huku kwetu?

Tulianza vizuri, kwa bahati. Nokia 1100 ya mwaka 2003 ilikuwa na kurunzi, vibonye vilivyozibwa vumbi lisiingie, na karibu hakuna cha kuharibika. Dunia nzima ilinunua zaidi ya milioni 250. Huduma rahisi kuliko zote kwa wateja ni simu ambayo mwenyewe hana haja ya kumpigia mtu.

Halafu zikaja simu za kisasa. Mwaka 2009 serikali ilikuwa imeondoa ushuru wa VAT wa asilimia 16 kwenye simu za mkononi, na mwanzoni mwa 2011 Huawei IDEOS, yenye Android 2.2, ikauzwa hapa Kenya kwa takriban shilingi 8,000. Mtu aliyetoka kwenye mulika-mwizi akajikuta na simu inayotaka barua pepe, bando na sasisho. Nani alimfundisha? Muuza duka, binamu aliye chuoni, na fundi wa Luthuli Avenue. Huo ni mfumo mzima wa huduma kwa wateja, wenye maelfu ya watu, ambao hauonekani kwenye vitabu vya hesabu vya kampuni yoyote. Hata mimi, kama waandika programu wengi, nimekuwa sehemu yake kila nikienda nyumbani Krismasi. Kampuni iliweza kuuza kwa bei ile kwa sababu gharama ya kumsaidia mnunuzi tuliibeba sisi.

Wengine hawakuwa na kampuni kabisa nyuma yao. Mwisho wa Septemba 2012 Tume ya Mawasiliano ya Kenya ilizima simu bandia. Aliyekuwa amenunua moja hakuwa na wa kumlalamikia, kwa maana aliyeitengeneza hakuwahi kuandika jina lake la kweli. Rahisi ghali. Mwaka uliofuata, sheria mpya ya VAT ikairudisha ile asilimia 16. Maoni yangu ni kwamba ushuru ukipanda na muuzaji hataki kupandisha bei, cha kwanza kukatwa ni dhamana na huduma, maana siku ya kununua hakuna anayeviona.

Kampuni moja iliyolielewa hili mapema ni Transsion, wenye Tecno, Itel na Infinix. Pamoja na kuuza simu za bei ya chini, ilijenga vituo vya Carlcare ambako mwenye simu anaweza kuingia na kifaa chake mkononi. Sidai kila aliyeingia alitoka akitabasamu. Lakini mlango ulikuwepo, na soko likaitikia. Mwaka 2019 kampuni hiyo iliorodheshwa kwenye soko la hisa la Shanghai, ikiwa imejengwa kwa sehemu kubwa na pesa za Waafrika.

Kisha Julai 2020 Safaricom na Google wakaleta Lipa Mdogo Mdogo: simu ya 4G kwa malipo ya shilingi 20 kwa siku, kwa miezi tisa. Usipolipa, simu inafungwa. Tazama jinsi gurudumu lilivyozunguka. Google, iliyotaka kumwondoa mwenye laini katikati mwaka 2010, miaka kumi baadaye ilikuwa imeketi naye meza moja jijini Nairobi, kwa mpango unaofanana na ule wa Marekani wa zamani. Kuna ubaya wake, maana jumla ya malipo hupita bei ya pesa taslimu, na simu inayofungwa kutoka mbali inaweza kukukatia M-Pesa siku ambayo mtoto anaumwa. Lakini kuna jambo moja la kufikiria. Anayekudai pesa ana sababu ya kutaka simu yako iendelee kufanya kazi. Mwenye kifaa kilichokufa mwezi wa pili hatalipa mwezi wa tatu.

Basi ukiulizia bei dukani, uliza maswali mengine matatu. Ikiharibika nimpelekee nani, na yuko barabara gani? Sasisho za programu zitaendelea miaka mingapi? Kioo chake kinauzwa pesa ngapi kwa fundi? Jumlisha majibu hayo na bei iliyobandikwa, ndipo ulinganishe simu na simu. Walionunua Nexus One mwaka 2010 waliilinganisha kwa prosesa na kioo, na kwa vipimo hivyo ilishinda. Kipimo kilichowaumiza hakikuwa kimeandikwa kwenye boksi.